Roshani ya Mwali: Mti, Chuma na Chumvi ya Bahari



Leo hatuzungumzii gauni wala hina. Tunazungumzia vizuizi vya roshani, vile vyuma au mbao za ukingoni ambazo mafundi wa huku wanaziita reli. Mtatusamehe, lakini ndivyo vilivyotunyima usingizi tangu mfungo uliopita.

Sisi tunaoandika ni mtu na wifi yake. Tumemaliza kidato cha nne, tukaenda kozi ya ushonaji, na sasa tuna duka la mapazia na mashuka ya harusi hapa Mapinga, barabara ya Bagamoyo. Asili yetu ni Unguja, na nusu ya ukoo bado uko huko. Nyumba yetu ina ghorofa moja. Juu, upande wa mbele, kuna baraza la wazi. Bahari hatuioni vizuri kwa minazi na nyumba za jirani, lakini upepo wake unatufikia kila siku.

Wakati wa kujenga tulimwachia fundi achague. Akaweka bomba nyembamba za mraba, akachomelea, akapaka rangi nyeusi na kutia vichwa vya dhahabu. Tukapiga picha, tukatuma kwa kila mtu. Mwaka wa tatu, siku ya futari, mtoto wa kaka yetu wa miaka minne akajiegemeza pale, na bomba moja likaachia chini kama kifungo kilichoshikwa na uzi mmoja. Mmoja wetu alimdaka kwa kanzu. Kanzu ile tulikuwa tumeishona wenyewe, na mshono wa bega ukashika. Alhamdulillah, hatuna neno jingine.

Sasa mdogo wetu anaolewa, na usiku wa hina wanawake wote watakuwa juu kwenye baraza lile lile, na watoto wao, na ngoma. Ndiyo maana tukaanza kuuliza: wazee wetu wa pwani hii walizungusha nini kwenye roshani zao, na kilidumu vipi?

Tukaanzia mbali kidogo, Beit al-Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, njia ya Bububu. Ndiyo jumba la Seyyid Said bin Sultan, na humo mwaka 1844 alizaliwa binti yake, Sayyida Salme. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka Ujerumani mwaka 1886, wakati huo akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza kwamba mbele ya jumba, upande wa bahari, palikuwa na roshani kubwa ya mviringo, aliyoiita bendjle, pana hata mtu angeweza kuchezesha dansa ndani yake. Sakafu yake, kizuizi chake na paa lake lililofanana na hema, vyote vilikuwa vya mbao zilizopakwa rangi. Hapo baba yake alikuwa akitembea huku na huku, akichechemea kwa jeraha la zamani la risasi, na hapo familia ilikaa kunywa kahawa. Yaliyompata Salme baadaye kwa kuzoeana na jirani Mjerumani, nyumba kwa nyumba na dari kwa dari, ni habari nyingine, na mama zetu wakiisimulia huwa wanatutazama sisi kwanza.

Tulichokishika ni kwamba mtawala mwenye majahazi na mali yote ile, kwenye ukingo wa bahari, alizungushia mbao.

Wala si Unguja peke yake. Neno roshani lenyewe lina ndugu yake Jeddah, ambako madirisha na vibaraza vya mbao vilivyotoka nje ya ukuta huitwa rawashin, na mmoja wake ni roshan. Waliokwenda Hija zamani kwa meli walishuka bandari ile na kuviona. Mji wa kale wa Jeddah umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2014, na Mji Mkongwe wetu tangu 2000. Mbao nyingi za Jeddah zilikuwa mtiki ulioletwa kwa bahari kutoka India na mbele yake. Cairo nako kuna mashrabiya, zile mbao zilizosukwa kama ukili, mtu wa ndani anaona nje na wa nje haoni ndani. Sisi tunaoshona mapazia tunaijua kazi hiyo. Ni shela, ila ya mbao.

Huku kwetu nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizopanga upana wa chumba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa mti wenyewe ndio ulioishia hapo. Zilikatwa delta ya Rufiji na kupakiwa majahazini mpaka Ghuba. Ukienda magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ambako upo msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, utaona jiwe na chokaa. Hakuna chuma ndani ya kuta zile. Tulipita pale mara nyingi kwenye safari za shule bila kujua kwamba hilo ndilo somo.

Chuma kilikuja na watu waliotaka makubwa. Mwaka 1883 Sultan Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lenye mabaraza mapana ya kuzunguka nyumba nzima, ghorofa juu ya ghorofa, yaliyobebwa na nguzo nyembamba za chuma cha kumimina. Chumba cha kizamani kilikuwa mateka wa boriti. Nguzo za chuma zikaruhusu mabaraza marefu na ya juu ambayo mji haukuwahi kuyaona. Jumba lile ndilo lililotangulia kuwa na taa za umeme na lifti katika sehemu zetu hizi.

Kuna kitu kingine cha jumba lile ambacho mawali wanafaa kukijua. Liliungwa na majumba ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, kwa njia zilizofunikwa zilizopita juu, ili wanawake wa nyumba ya mfalme watoke huku waende kule bila kuonekana barabarani. Yaani katikati ya fahari yote ile ya mabaraza wazi, mtu alikaa akafikiria stara. Beit al-Hukm haikuuona mwaka 1897. Manowari za Kiingereza ziliupiga mji tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiofika hata saa nzima, na nyumba hiyo ikavunjika kabisa. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama na kuongezewa mnara wa saa mbele.

Mizinga haikuiweza. Kilichoiweza kilikuja polepole. Mwaka 2012 kipande kikubwa cha baraza kilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Sisi siku hiyo tulikuwa Unguja kwa harusi, na tulikuwa tumepita Forodhani asubuhi yake. Kwa hiyo mtu akitwambia baraza ni pambo tu, tunanyamaza.

Hatua chache kutoka hapo, kuelekea bandarini, iko nyumba ambayo watalii huipiga picha sana, Dispensari ya Kale. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa mshirika wa Barghash, aliianzisha mwaka 1887, akafa 1891 kabla haijaisha. Roshani zake ni mbao zilizochongwa kama lesi, za rangi ya kijani na nyeupe, na vioo vya rangi juu. Baadaye nyumba ikaachwa, ikaharibika. Miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikaikarabati, na maseremala wakafanya kazi kipande kwa kipande: kilichooza kikatolewa, kikachongwa kingine mfano wake, kikarudishwa. Tunapenda sana hadithi hiyo kwa sababu ndivyo tunavyotengeneza gauni la zamani. Hutupi gauni kwa lesi ya mkononi iliyochanika.

Bibi yetu wa Malindi, ambaye nyumba yake ina roshani ndogo ya mbao iliyomkuta, tulimpigia simu kumuuliza. Akatwambia, "Wanangu, mti ukianza kuoza unausikia kwa mguu, unalia. Hicho chuma chenu kimekaa kimya na rangi yake mpaka siku hiyo." Kisha akauliza kama mdogo wetu keshaanza kusingwa, na simu ikaishia huko.

Maneno yake tuliyakuta kweli tulipolikata bomba lililong'oka. Nje rangi ilikuwa nzuri. Ndani palikuwa na unga wa kahawia. Bomba la mraba ni tupu katikati. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo alivyoviacha mchomeleaji, yanashuka, yanakaa chini pale nguzo inapozama kwenye zege, na hayana pa kutokea. Ukitia chumvi juu yake ndiyo basi. Pwani hii haina msimu wa kupumzika: kusi linatoka baharini, kaskazi nayo inatoka baharini, na yote mawili yanatuletea chumvi. Kutu inapozaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana inapasua hata zege linaloizunguka. Angalieni vile viguzo vya zege vya kumwaga, vya mviringo kama chupa, ambavyo vimejaa nyumba za kwetu. Vingine vimeshapasuka wima. Ndani vina waya au nondo nyembamba, zege juu yake ni jembamba, na chumvi ikapenya.

Tuliwauliza mafundi wanne, na kila mmoja aliapa kwa chake. Basi tukasoma, tukalinganisha, na haya ndiyo tuliyotoka nayo.

Chuma kilichopakwa zinki si kitu kipya. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya ugunduzi wa kazi hiyo mwaka 1837, na ndiyo iliyotupa mabati. Zinki inaliwa kwanza, chuma kinabaki, kama vile bitana inavyochakaa kabla ya koti. Lakini fundi akishachomelea, moto unaunguza zinki pale pale kwenye kiungo, mahali panapohitaji ulinzi zaidi. Kwa hiyo ama kichomelewe kwanza ndipo kichovywe zinki kizima, ama viungo vipakwe rangi yenye zinki mara mbili tatu, au, bora kuliko vyote kwetu, kisichomelewe kabisa, kifungwe kwa bolti.

Stenlesi, ile inayong'aa kama sufuria, ilitokana na kazi ya Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913. Wengi hawajui kwamba ziko aina aina. Madukani inayozagaa ni namba 304. Pwani inatakiwa 316, ambayo imeongezwa molibdeni kidogo, asilimia mbili hadi tatu, inayoisaidia kuvumilia chumvi. Ile 304 karibu na bahari inatoa madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Muuzaji mmoja alitutolea sumaku, akaonyesha hainasi, akasema basi hiyo ni 316. Dada zetu, msikubali. Sumaku hainasi kwenye 304 pia. Takeni karatasi ya kiwandani au someni alama kwenye bomba lenyewe.

Aluminiamu ilikuwa ghali mpaka mwaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, vijana wa umri mmoja wasiojuana, walipopata njia ile ile ya kuitoa kwa umeme. Haitoi kutu nyekundu. Lakini ikigusana na chuma kingine penye maji ya chumvi huliwa, na zege bichi nalo huila, kwa hiyo kila skrubu na kila kitako kiwekewe plastiki katikati. Fundi wetu wa kwanza angecheka kusikia hivyo. Hatukumwita tena.

Kioo ndicho alichokitaka upande wa bwana harusi. Wameishi Dubai, wamezoea kioo kitupu kuanzia chini mpaka juu. Hatukutaka kubishana na wakwe kabla ya ndoa, tukasema tutafikiria. Ila hebu fikiria mwali ameketi na miguu yake ya hina, na njia ya bodaboda iko chini yake. Kioo pia kinataka kufutwa kila baada ya siku mbili, maana chumvi inakitia ukungu, na vishikizo vyake ni stenlesi ile ile ya kuulizia namba.

Na mti? Mtiki tunao hapa hapa nyumbani. Wajerumani ndio waliouleta kupanda mwishoni mwa karne ya 19, na leo kuna mashamba Longuza kule Muheza, Mtibwa Morogoro, na bonde la Kilombero. Una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, hata ukiachwa bila rangi unageuka kijivu tu. Tahadhari ni moja: mti uliokatwa mchanga una weupe mwingi pembeni, na weupe ule mchwa wanaula kama mkate. Chagueni kiini, cha kahawia. Mninga na mkongo nayo ni mizuri, ila mninga tunaona unafaa zaidi ndani ya nyumba, na bei yake siku hizi ni ya kuulizia umekaa.

Kabla hatujaamua, mume wa mmoja wetu alitukumbusha kitu. Katika Sunan ya Abu Dawud, kitabu cha adabu, ipo hadithi inayomuonya anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi, kwamba mtu huyo amejiondolea dhamana. Sisi tulikuwa tunahesabu pambo na bei, kumbe jambo lenyewe lilishasemwa kama amana, kabla hata ya hizo bomba za mraba.

Basi tumechagua hivi. Nguzo ni chuma kinene kilichochovywa zinki baada ya kukatwa na kutobolewa, zinafungwa kwa bolti ubavuni mwa sakafu, zisizame kwenye zege, ili maji yasipate pa kukaa. Katikati ya nguzo na nguzo ni fremu za mtiki zenye mbao zilizosukwa mraba mraba, kwa mfano wa mashrabiya lakini nyepesi, nusu ya chini zimebanana zaidi kwa ajili ya stara. Kila fremu inatoka peke yake kwa skrubu nne, ikioza moja inabadilishwa moja. Wakwe tumewapelekea mchoro na picha ya Dispensari ya Kale, na mama mkwe amejibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp ambayo mwisho wake ni mashallah, kwa hiyo tumehesabu amekubali.

Seremala ni mtu mzima wa Bagamoyo mjini. Alikuja juzi, tukamwamkia, akaitika, "Marahaba wanangu," akakaa chini na kulowesha vipande vitatu vya mbao kwenye ndoo, akatuacha tuvitazame usiku kucha. Kimoja kilivimba. Hicho hakukitaka.

Kuhusu vipimo tulishindana kidogo. Yeye alitaka kizuizi kiishie kiunoni, sentimita 90, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote. Tukamwambia tunataka 110, kama Uingereza wanavyotaka kwenye roshani, na matundu yasizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Akasema futi yake imeandikwa inchi. Tukatoa ya kwetu ya kushonea, tukampimia kopo la maziwa ya unga lililokuwa jikoni, likaja 10 kamili. Ameondoka nalo. Amesema kila tundu atalijaribu kwa kopo lile, na likipita tundu lolote hatumlipi fremu hiyo.

Jumamosi inshallah zinaletwa nguzo. Tutazikagua moja moja kabla hazijashushwa kwenye gari, na yenye mkwaruzo uliofika kwenye chuma inarudi nalo.